Barabara ya TANZAM: tunayoyasema na yaliyo kweli

Nimekulia Makambako, mji ambao TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma mpakani mwa Zambia, zote zinaupitia. Labda ndiyo maana uzushi wa kwanza niliusikia nikiwa bado mdogo: "Lami hii waliiweka Wachina."

Wachina walijenga reli, kati ya 1970 na 1975, wakaikabidhi 1976. Barabara ina historia yake. Novemba 1965 walowezi wa Kizungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini ya shaba na mafuta imeingia mashakani. Malori yakaanza kuhangaika kwenye vumbi na tope hadi Dar es Salaam. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia hiyo ikatiwa lami, na fedha nyingi zilitoka Marekani na Benki ya Dunia. Bomba la mafuta, TAZAMA, lilikwisha kutangulia: lilijengwa na Waitaliano, likaanza kazi 1968. Majina yanafanana kama ya ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja lina mjenzi wake. Inaniuma tukiyachanganya, kwa sababu hapo ndipo ulipo werevu wa Nyerere na Kaunda: dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili, wao wakabisha hodi kote kote.

Wengine husema serikali iliipasua Hifadhi ya Mikumi ili barabara ipite. Barabara ndiyo iliyotangulia. Njia ya Morogoro hadi Iringa ilipofunguliwa miaka ya 1950, wawindaji nao walipata mlango, na hifadhi ikaanzishwa 1964 kuwanusuru wanyama. Ni kilomita 50 hivi. Kupita tu hulipi kiingilio, ila ukigonga mnyama faini ni yako, hata kama ulimkuta katikati ya lami.

"Mizani ni mtego wa kukamua madereva." Hili la mizani ya kupimia uzito wa malori nimebishana nalo sana vijiweni. Lami haiumii kwa kadiri ya uzito tu. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikibebeshwa mzigo mara mbili, madhara yake kwenye barabara hufika kama mara 16. Angalia mlima wowote wa barabara hii, upande wa kupandia ambako malori hutambaa: utaona mifereji miwili imezama kwenye lami. Gari dogo likiingia humo wakati linataka kulipita lori, usukani unavutwa, na mbele kuna basi linashuka.

Sasa Kitonga. Kuhusu mlima huu wa mkoani Iringa nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba "pale pana wenyewe", kwamba ajali haziishi kwa sababu kuna damu inayodaiwa. Siwadharau wazee. Lakini lori linaloshuka kutoka Iringa na shehena nzito linadaiwa kitu kingine: gia ndogo, tangu juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Injini ndiyo inayopaswa kulishika gari. Dereva anayeweka gari frii, bila gia, ili kuokoa dizeli ameuacha mzigo wote kwenye breki. Anakanyaga kona ya kwanza, anakanyaga ya pili, drami za breki zinapata moto, breki zinapoteza nguvu, na akipiga piga pedali upepo unaozisukuma breki nao unapungua kwenye mitungi. Kwa abiria inaonekana breki "zimefeli" ghafla. Hazikufeli ghafla, zilianza kufeli kilomita kadhaa nyuma.

Kuna kosa jingine ambalo watu hulidhania kuwa dawa: kumwagia maji drami zenye moto. Chuma kilichochemka kikipata maji ya baridi hupata nyufa, na nyufa hizo utasafiri nazo hadi mteremko unaofuata.

Safari moja nilipewa lifti na dereva wa lori wa miaka mingi. Juu ya Kitonga alisimama, akashuka, akagonga matairi moja moja, akaangalia geji ya upepo, akaingiza gia. Tulishuka polepole hadi mabasi yakatupigia honi kwa hasira. Chini, Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu walipotuzunguka, alisogeza kiganja karibu na drami bila kuigusa. Akanigeukia: "Haya, mdogo wangu, nawe sogeza mkono." Ilikuwa vuguvugu tu.