Bajeti ya afya imepanda, dawa ziko wapi?

Tabora husemwa hivi tangu zamani: bajeti imeongezwa, zahanati haina dawa, basi fedha zimeliwa. Wizi upo, sikatai, ila si jibu lote. Sehemu kubwa ya fedha za afya hulipa mishahara, na nyingine hujenga majengo. Bohari ya Dawa (MSD), yenye ghala la kanda hapahapa Tabora, haigawi dawa kama sadaka: zahanati ya Sikonge huagiza kwa fedha ilizonazo, zikiwemo za wagonjwa na bima. Sasa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza husamehewa malipo. Zahanati inayohudumia wengi wao hukusanya kidogo. Ndiyo maana ARV (dawa za virusi vya UKIMWI), zilizolipiwa zaidi na wafadhili kwa miaka mingi, zaweza kuwepo siku amoksilini, antibiotiki ya kawaida, imekwisha.