Asilimia 20 si sharti la kununua nyumba Marekani

Imani kwamba huwezi kununua nyumba Marekani bila kutanguliza asilimia 20 ya bei yake imewafanya wapangaji wengi wa kipato cha chini wasibishe hata hodi benki. Hakuna sheria inayodai hivyo. Kiwango hicho ni mpaka tu: ukitanguliza pungufu ya hapo, mkopo wa kawaida (usiodhaminiwa na serikali) hutozwa bima ya kumkinga mkopeshaji (si wewe, ingawa ndiwe unayeilipia), na sheria ya mwaka 1998 inakuruhusu kuomba iondolewe deni linapofikia asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba.

Mikopo inayodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1934, hukubali asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (kipimo cha jinsi unavyolipa madeni) 580 au zaidi. Kwa nyumba ya dola 200,000, hizo ni dola 7,000 badala ya 40,000.

Kinachowashtua wengi ni gharama za kukamilisha ununuzi, yaani ada za mkopeshaji, uthamini, upekuzi wa hati, pamoja na kodi na bima zinazolipwa mapema, ambazo kwa kawaida hufika asilimia 2 hadi 5 ya bei ya nyumba. Mamlaka za nyumba za majimbo husaidia hapo, ama kwa ruzuku, ama kwa mkopo wa pili unaofutwa ukiishi humo miaka iliyopangwa. Ukiuza mapema, utadaiwa. Aidha, mipango mingi humhesabu kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza hata aliyewahi kumiliki nyumba, mradi hajamiliki kwa miaka 3 iliyopita.