Choo kisichoacha kutiririsha maji: pima kwanza, vifaa baadaye

Maji ya tangi la choo yana njia mbili tu za kupotelea bakulini: juu, kupitia mdomo wa bomba la kufurikia, au chini, kupitia raba inayoziba tundu la kuflashia. Wengi hununua boya na vali mpya, kumbe raba ndiyo mbovu.

Subiri tangi lijae, funga koki ya ukutani, kisha weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji. Acha dakika 30 bila kuflashi. Maji yakishuka, raba haizibi. Yakibaki palepale, tazama vali ya kuingizia maji. Sikio nalo husaidia: tangi linalonyamaza, kisha likajijaza lenyewe kwa sekunde chache, lina raba mbovu. Linalolia "sss" bila kukoma huku maji yakimwagika kwenye bomba la kufurikia, lina tatizo la vali.

Tuanze na raba, maana ndiyo inayosumbua zaidi. Kabla ya kuilaumu, angalia mnyororo unaoivuta juu unapoflashi. Ukiwa mfupi mno huining'iniza raba; ukiwa mrefu mno hunaswa chini yake. Uache ulegee kama sentimita 1. Kisha flashi tangi liishe maji, upapase mdomo wa tundu kwa kidole. Chokaa iliyoganda isugue kwa sifongo na siki. Usiukwangue kwa kisu, kwa sababu mkwaruzo mmoja tu kwenye plastiki unatosha kupitisha maji. Raba iliyojikunja, au inayoacha weusi mkononi, haina dawa, ibadilishe. Nenda dukani na ile ya zamani, kwani za inchi 2 na za inchi 3 haziingiliani. Vidonge vya klorini vya kuweka ndani ya tangi siviungi mkono: huila raba haraka.

Vyoo vya vitufe viwili havina mnyororo. Mnara wa katikati hutoka, aghalabu, kwa kuuzungusha robo mzunguko kinyume cha saa. Chini yake kuna washa ya mpira, yaani pete ya kuzibia. Ioshe, na kama imelika upande mmoja, igeuze ikusaidie hadi upate nyingine.

Upande wa juu, shusha boya kwa skrubu au klipu yake hadi maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Boya likizama, limeingia maji. Kama liko sawa na maji bado yanapanda, huenda mchanga umenasa kwenye vali. Funga koki, fungua kofia ya vali, funika vali kwa kikombe, kisha fungua koki kwa sekunde 10 uchafu utoke. Angalia pia mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye bomba la kufurikia: ncha yake ikizama chini ya usawa wa maji, inaweza kuyafyonza polepole, na kipimo cha penseli kitakudanganya kwamba ni raba. Ipandishe juu ya mdomo wa bomba.

Vali isiyotulia hata baada ya hayo, ibadilishe. Nati ya chini ya tangi ikaze kwa mkono, uongeze robo mzunguko kwa spana, basi. Ukiilazimisha zaidi, tangi la kauri hupasuka.