Picha ya WhatsApp Haikuzwi kwa Maombi

Kuna ombi ambalo kila mpigapicha wa hapa Mwanza amelizoea, na wiki hii limenifikia tena katika sura yake ile ile: familia imefiwa, mazishi ni kesho kutwa, inahitajika picha kubwa ya marehemu ya kubebwa mbele ya jeneza, na picha yenyewe, naambiwa kwa uhakika kamili, ipo. "Kaka, nakurushia sasa hivi WhatsApp, wewe ikuze tu." Kinachorushwa ni picha ya ndugu zaidi ya ishirini waliosimama nje ya kanisa siku ya kipaimara cha mjukuu, na bibi tunayemhitaji yuko mstari wa pili, nusu ya bega lake ikiwa imefichwa na shada la maua. Nikiomba faili asilia, jibu huwa moja: "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Siyo hiyo hiyo, na nitaeleza kwa urefu ili nikiulizwa tena nitume kiungo cha makala haya na kuendelea na kazi.

Tuanze na hesabu. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani vijiraba milioni 12 vya rangi vinavyoiunda. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza mpaka karibu pikseli 1600 kwa 1200, ambazo hazifiki megapikseli 2. Kwa maneno mengine, zaidi ya asilimia 80 ya pikseli zimekwisha kutupwa kabla shangazi hajaandika "hongereni sana". Sasa tuseme kichwa na mabega ya bibi vinachukua sehemu moja ya nane ya upana wa picha hiyo, yaani pikseli 200. Karatasi ya A3 iliyosimama wima ina upana wa milimita 297, kwa hiyo kila pikseli inatakiwa kufunika takribani milimita moja na nusu ya karatasi, na jicho la bibi litakuwa vijiwe vichache vya mraba. Kwa faili asilia eneo lilelile lingekuwa na pikseli 500, ambazo si nyingi, lakini zingetosha kutoa picha ya ukubwa wa posta kadi ambayo mtu anaweza kuitazama bila kukunja uso.

Vitabu vinasema picha isafishwe kwa nukta 300 kwa inchi, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, ila sina hakika kwamba kanuni hiyo inastahili heshima inayopewa. Inamhusu mtu anayeishika picha mkononi na kuikagua. Picha ya A3 inayotundikwa sebuleni hutazamwa kutoka kwenye kochi, na nimeshatoa nyingi kwa nukta 150 bila mteja yeyote kugundua. Kwenye kitambaa hata chini ya hapo hupita, kwa kuwa nyuzi zenyewe huficha mengi. Lakini kutoka 150 kushuka hadi 17, ambazo ndizo tunazozungumzia kwa bibi yetu, hakuna umbali wa kochi utakaotuokoa, labda picha itazamwe kutoka Kamanga, ng'ambo ya ghuba.

Pikseli kupungua ni nusu tu ya habari, na kwa kweli ni ile nusu nyepesi. Kinachoharibu zaidi ni ubanaji wa JPEG, mfumo wa kupunguza uzito wa faili la picha uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Picha hukatwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kila mraba hubadilishwa kuwa hesabu ya mabadiliko makubwa na madogo ya mwangaza, kisha yale madogo, ambayo jicho huyaona kwa shida, hutupwa kwanza. Rangi nazo kwa kawaida huhifadhiwa kwa uhafifu kuliko mwangaza, mara nyingi thamani moja ya rangi kwa kila pikseli nne. Kwa picha ya ukuta mweupe hakuna utakachokikosa. Kwa picha za kwetu, zinazopigwa ufukweni mwa ziwa, unakosa karibu kila kitu, kwa sababu tunapenda kupiga picha za vitu vyenye mambo madogo madogo mengi.

Chukua dagaa walioanikwa kule Igombe: maelfu ya vistari vyembamba vya fedha, kila kimoja na kivuli chake. Mfumo unaotupa kwanza mabadiliko madogo hukutana na picha ambayo haina kitu kingine isipokuwa mabadiliko madogo, na matokeo yake ni uji wa kijivu. Mawimbi mafupi ya ziwa wakati wa upepo hupata adhabu ileile. Kitenge cha sare kwenye send-off, chenye maua madogo na mistari, hubadilika kuwa kitambaa ambacho fundi hakukishona. Sahani ya sato wa kukaanga hupoteza magamba na ule ukavu wa ngozi ulioifanya ipigwe picha, na wekundu wa nyanya na pilipili kwenye kachumbari huvuja nje ya mipaka yake, kwa sababu rangi nyekundu iliyo katika vipande vidogo ndiyo ya kwanza kuumizwa na ule uhafifu wa rangi. Hata Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni wa Mwanza lazima alipige jua likizama, halisalimiki: anga linalopaswa kufifia polepole kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau hugeuka ngazi ngazi, na ukingo wa jiwe huzungukwa na vumbi la pikseli kama nzi.

Hapa nina ugomvi na wapigapicha wenzangu, wanaowaambia wateja kwamba picha huchakaa kila inaposambazwa kutoka kundi hadi kundi. Kwa kadiri ninavyoweza kuona nikilinganisha faili zenyewe, ukisambaza ndani ya WhatsApp yenyewe ni faili ileile iliyokwisha kubanwa inayosafiri, nayo haibanwi upya. Picha iliyopita katika makundi kumi ya ukoo huwa na hali ileile iliyokuwa nayo katika kundi la kwanza. Madhara huja pale mtu anapoitoa na kuirudisha. Mjomba anaiweka kwenye status, ambayo hufutika baada ya saa 24. Binamu anaona inataka kupotea, anapiga skrinishoti, pamoja na ule mstari wa juu unaoonyesha betri asilimia 14. Dada anaipakia kwenye programu ya kuongeza maua na maneno "Mungu ni mwema". Mwingine anaiweka Instagram, ambako kwa kawaida hushushwa hadi upana wa pikseli 1080. Kisha mtu anaidaka kutoka huko na kuirudisha kwenye kundi la familia ikiwa ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya nne. Ukilaumu usambazaji wenyewe, watu wataacha kusambaza na kuendelea kupiga skrinishoti, jambo ambalo ni baya mara mbili.

Naulizwa kuhusu HD, yaani kutuma kwa ubora wa juu. Ndiyo, tangu mwaka 2023 kuna chaguo la HD, huacha pikseli nyingi zaidi, litumie. Nalo pia hubana.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko yote, ambalo karibu hakuna anayelizungumza, halihusu ukali wa picha. Linahusu tarehe. Kila faili linalotoka kwenye simu au kamera hubeba ndani yake taarifa za EXIF: siku, saa hadi sekunde, kifaa kilichotumika, na mara nyingi hata majira ya nukta (GPS) ya mahali. WhatsApp inapoituma kama picha, taarifa hizo huondolewa. Kwenye simu za Android faili hupewa jina jipya lenye umbo la IMG-20240512-WA0007, na watu huamini kwamba hiyo ni tarehe ya tukio. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipopokelewa au kutumwa. Picha ya safari ya Ukerewe ya Desemba, ikitumwa na mtu aliyekumbuka Pasaka, itajiandika kuwa ya Aprili, na baada ya miaka kumi hiyo ndiyo itakayokuwa historia ya familia. Nimeshuhudia ndugu wakibishana kwa hasira kama marehemu baba yao alikuwapo kwenye ubatizo fulani, upande mmoja ukiwa na kumbukumbu na upande mwingine ukiwa na jina la faili, na jina la faili likashinda ingawa lilikuwa limekosea kwa miezi mingi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo angalau picha zilizopigwa juu yake zina mwaka wa kuanzia. Picha zilizopigwa kwenye kivuko kabla ya hapo, watoto wakiwa wameegemea kwenye vyuma na magunia nyuma yao, zote zinafanana, na bila EXIF hakuna atakayejua ni ya mwaka gani isipokuwa kwa kukisia kutokana na urefu wa watoto.

Lazima niwe mkweli kwamba EXIF nayo si msahafu. Kamera iliyokaa bila betri husahau saa yake na kuanza kuhesabu kutoka mwaka iliotengenezwa, na simu iliyowekwa majira ya nchi nyingine itasema chakula cha mchana kililiwa alfajiri. Pia kuondolewa kwa majira ya nukta kuna faida yake, kwani si kila anayepokea picha ya mtoto akikata keki anapaswa kujua nyumba ilipo. Kwa hiyo silaumu kufutwa kwa taarifa hizo kwenye nakala inayosambazwa. Ninacholaumu ni kuifanya nakala hiyo kuwa ndiyo pekee.

Sasa hivi kuna jibu jipya, "ipitishe kwenye AI." Nimepitisha. Programu hizo hazirudishi kilichopotea. Hukisia uso wa binadamu kwa kutumia nyuso nyingine nyingi zilizofundishiwa, na hukisia kwa ujasiri mkubwa. Bibi aliyekuwa na mwanya hurudi na meno yaliyofungana kama ya tangazo la dawa ya meno, makunyanzi yake yamepigwa pasi, na kovu la nyusi halipo. Anafanana na mtu wa ukoo huo, pengine binamu yake wa Magu, lakini siye. Familia nyingine hufurahi sana kuiona picha hiyo, na hapo sijui la kufanya. Je, nimwambie mwanamke mwenye msiba kwamba mdomo huu si wa mama yake? Mpaka sasa nawaonyesha zote mbili kando kwa kando na kuwaachia wachague, na wengi huchagua ile yenye meno yaliyofungana.

Namna ya kutuma vizuri haihitaji maelezo mengi. Bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, chagua kutuma kama hati badala ya picha, na faili litafika kama lilivyo, pikseli na tarehe zake. Kikomo ni GB 2 kwa faili moja, hivyo hata video ya harusi inaweza kupita. Google Photos inafaa pia, ila nafasi ya bure ya GB 15 hugawanwa na barua pepe zako, na ule ukarimu wa zamani wa kuhifadhi bila kikomo ulikoma Juni 2021. Flashi ya USB ni nzuri kama si bandia. Zipo zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa na kumeza faili kimya kimya, kwa hiyo fungua picha chache za mwisho kabla hujafuta chochote kwenye simu. Kuhusu bando, najua. Picha 300 za MB 4 ni GB 1.2, na simlaumu mtu anayetafakari kabla ya kutuma. Tuma kumi.

Nina shaka moja kubwa juu ya haya yote. Faili asilia huwa mahali pamoja, kwenye simu ya mtu mmoja, na simu huibwa, huvunjika, na huponyoka mikononi kwenye kivuko na kwenda kuishi na sangara. Picha duni ya pikseli 1600 iko kwenye simu za ndugu thelathini, kuanzia Nyegezi hadi Dar es Salaam. Mara kadhaa ni hiyo duni tu iliyosalia, na nimeshukuru kwamba kuna mtu hakuniuliza kabla ya kuisambaza. Sidhani kama sisi wa fani hii tumewahi kukiri waziwazi kwamba wingi wa nakala mbovu umeokoa kumbukumbu nyingi kuliko nidhamu yetu. Bado siwezi kuitoa kwa A3.

Kwa sababu hiyo, ninapokabidhi kazi ya kipaimara, mahafali au harusi, natoa flashi mbili pamoja na picha chache nilizokwisha kuzipunguza mwenyewe kwa ajili ya WhatsApp, zikiwa na tarehe ya tukio kwenye jina la faili. Flashi ya pili naomba ikae kwa ndugu asiyeishi nyumba moja na wenye sherehe. Mara nyingi familia humtaja shangazi fulani wa Sengerema, ambaye hana kompyuta na hajawahi kufuta kitu maishani mwake, nami huona wamechagua vizuri.