Kosplei Kampala: dhana potofu zinazoharibu mavazi mazuri

Anayetaka kutengeneza vazi la kosplei, yaani vazi la kuiga mhusika anayempenda, hapa Kampala husikia maneno yale yale kabla hajashika mkasi. Vifaa havipo. Ni ghali. Ni mambo ya Wajapani. Fundi hataelewa. Vijana wenye mikono mizuri huishia hapo, na hilo linaniuma, kwa sababu karibu kila ujuzi unaohitajika kumvaa mhusika wa katuni, filamu au mchezo wa kompyuta tayari uko mjini humu na watu wanauishi kila siku.

Japani imeipa kosplei umaarufu mkubwa, ni kweli. Lakini mwaka 1939 huko New York, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi, Myrtle Douglas alifika na mavazi aliyoyatengeneza mwenyewe, lake na la mwenzake Forrest Ackerman. Hapakuwa na duka la kuyauza.

"Bila kuagiza kutoka nje hupati kitu"

Vazi la kuagiza linachukua wiki nyingi, linadaiwa ushuru, na vipimo vyake mara nyingi haviwafai watu wenye mapaja na makalio ya kwetu. Likifika limebana, kulirudisha ni gharama nyingine.

Sasa nenda soko la mitumba la Owino asubuhi. Makoti marefu ya sufu yanayotoka nchi za baridi hayana wateja wengi katika joto letu, na hayo ndiyo makoti ya wahusika nusu ya katuni za Kijapani. Usinunue koti kwa sababu ya rangi. Tazama mabega na urefu, maana kola, vifungo na mikono fundi anaweza kubadilisha, ila mabega yakikataa yamekataa. Mapazia na mashuka ya mitumba nayo ni hazina. Pazia moja zito linakupa mita kadhaa za kitambaa kinachoanguka vizuri kwa joho au kilemba kikubwa, kwa bei ambayo kitambaa kipya hakiwezi kuifikia. Kitambaa kipya, zipu na vifungo vitafute Kiyembe.

Kabla hujalipa, omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na bidhaa za watu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tofauti hiyo ni kubwa kwako: poliesta haishiki rangi za kawaida za kuchovya, na pasi ya moto sana itaitoboa. Nimeona watu wakichemsha shati jeupe la poliesta kwenye rangi nyekundu na kutoka na waridi hafifu, kisha wakailaumu rangi.

Kwa silaha na mavazi ya vita, tazama wanachofanya Ramon Film Productions pale Wakaliga, studio ya Isaac Nabwana. Bunduki za filamu zao zimetengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na filamu hizo zimetazamwa duniani kote. Mafundi wa Katwe wanaokunja bati na kuunga mabomba wanaweza kukutengenezea ngao, ilimradi uende na mchoro wenye vipimo.

"Foamu ukishaikata, kilichobaki ni rangi"

Hapa ndipo mavazi mengi yanapofia. Foamu inayofaa kwa deraya, yaani vazi gumu la vita la kukinga mwili, ni ile ya EVA: mikeka ya kufanyia mazoezi, au vile vipande vya rangi vinavyounganishwa sakafuni ili watoto wachezee. Ni nyepesi na haichubui ngozi. Lakini ina taratibu zake.

Kwanza pateni, yaani kielelezo cha kukatia. Vaa fulana kuukuu, mwenzako akuzungushie nailoni ya kufungia chakula kifuani na begani, kisha abandike utepe wa karatasi wenye gundi juu yake hadi iwe ngumu kiasi. Chora deraya yako hapo hapo mwilini, kata kwa uangalifu, itandaze. Hiyo ni pateni ya mwili wako, si ya mtu wa intaneti. Ijaribu kwa maboksi kabla hujagusa foamu. Kata foamu kwa wembe mpya na ubadilishe mara kwa mara. EVA humaliza makali upesi, na wembe butu huacha kingo zenye meno ambazo rangi haizifichi.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Wengi huipaka upande mmoja na kubandika ikiwa mbichi, kisha wanashangaa mshono ukiachia jukwaani. Paka pande zote mbili, nyembamba, usubiri dakika kama tano hadi kumi mpaka ukigusa haikamati kidole, ndipo ukutanishe. Ikishashika haisogei tena, kwa hiyo lenga vizuri. Mvuke wake ni sumu na unashika moto. Fanya kazi hiyo barazani, mbali na sigiri, na wala si chumbani ulikofunga dirisha kwa sababu ya mbu. Ukipiga msasa vaa barakoa.

EVA ina vitundu vinavyokunywa rangi. Pitisha hewa ya moto juu yake hadi uso wake ung'ae kidogo, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kabisa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kukauka huchelewa. Panga siku zaidi. Baada ya hapo ndipo rangi. Na usidanganywe na stairofomu, ile nyeupe inayokuja na televisheni: ukiipulizia rangi ya kopo moja kwa moja, kemikali za rangi huiyeyusha mbele ya macho yako. Ifunike kwanza kwa gundi nyeupe.

"Mpe fundi picha, yeye anajua"

Fundi cherehani wa Kampala anaweza kushona gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, kwa macho yaliyofumba. Koti la mhusika wa katuni hajawahi kuliona, na picha moja ya mbele haimwambii mgongo ukoje, zipu imejificha wapi, wala kitambaa ni kizito kiasi gani. Kisha kazi ikiharibika tunasema fundi ni mbovu. Si haki.

Mpelekee picha za mbele, nyuma na ubavuni, na sampuli ya kitambaa. Muulize kwa heshima: "Mzee, hapa kwenye kola utaweka nini ili isimame?" Jibu lake litakuonyesha kama ameielewa kazi. Mafundi wengi Wakongomani wanaofanya kazi mjini wanazungumza Kiswahili, na maelezo haya yanakwenda vizuri zaidi ukiyasema kwa lugha mnayoielewa nyote. Omba ashone kwanza kwa merikani au shuka kuukuu, kisha uvae na ujaribu kuinua mikono na kukaa chini. Mlipe kazi hiyo ya majaribio. Ni pesa ndogo ukilinganisha na kitambaa kizuri kilichokatwa vibaya.

Na nenda na viatu utakavyovaa. Kisigino hubadilisha urefu wa suruali, na pindo likishakatwa limekatwa.

"Wigi linahitaji mtaalamu wa kosplei"

Mtaalamu yuko kwenye saluni za Wandegeya, amesimama nyuma ya kiti tangu asubuhi. Msusi anayechovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke anatumia kanuni ile ile inayosimamisha nywele za ajabu za wahusika: nyuzi bandia hulainika kwa joto, na zikipoa hubaki katika umbo ulilozishikilia. Kanekalon, jina linalojulikana katika saluni zetu zote, ni nyuzi za kampuni ya Kaneka ya Japani. Kwa hiyo malighafi unayo, na mikono inayoijua unayo. Zungushia nywele kwenye roli, mimina maji ya moto, ziache zipoe kabisa kabla ya kufungua. Pasi ya nywele iliyowekwa kwenye joto la nywele halisi itaziunguza. Ukihitaji rangi ambayo hakuna wigi lake, nunua mafungu ya rasta ya rangi hiyo uyashone kwenye wigi la bei nafuu, safu kwa safu.

"Lubugo ni kitambaa tu kama kingine"

Nawapenda wanaobuni wahusika kwa vitu vya kwetu, na lubugo lina rangi ya udongo ambayo hakuna kiwanda kinachoiiga. Lakini halikufumwa. Ni gome la ndani la mti wa mutuba lililopigwa kwa nyundo za mbao hadi likatanuka, na mti wenyewe hubaki hai na kuota gome jipya. Kwa kuwa halina nyuzi za kufumwa, kingo zake hazichanuki, ila linapasuka likivutwa mahali pembamba, na halipendi kuloweshwa wala kufuliwa. Libandike juu ya bitana ya pamba na upitishe mshono mrefu, maana mshono wa karibu karibu hulitoboa kama stempu. Ujue pia unashika nini: utengenezaji wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, na huko Buganda huvaliwa kwenye kutawazwa na hutumika kwenye mazishi. Usilifanye vazi la kichekesho.

"Sare ya jeshi ni vazi tu"

Hapana. Sheria ya Uganda hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na Septemba 2019 hata bereti nyekundu ziliingizwa kwenye orodha hiyo. Mhusika wako akiwa askari, mbadilishie rangi kabisa au chagua mwingine. Silaha ya foamu nayo isafiri kwenye mfuko uliofungwa, hasa ukiwa juu ya boda.

"Lazima ufanane na mhusika"

Rangi ya ngozi yako si sehemu ya vazi. Usiipake, usiichubue.

"Kazi kubwa ni kushona"

Kushona ni sehemu tu. Andika kila kipande cha vazi kwenye daftari, kuanzia kiatu hadi kifungo, na pembeni yake andika: kununua, kushona, kukopa. Anza na vitu vinavyotegemea watu wengine, yaani fundi, msusi na mchomeleaji, kwa kuwa wao wana foleni zao. Deraya ifuate nguo, kwa sababu huvaliwa juu yake. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, vaa kila kitu nyumbani kwa saa mbili. Hapo utajua kama unaweza kupanda teksi, kunywa maji na kwenda chooni bila kuvuliwa na watu watatu.

Baada ya shughuli usilikunje vazi likiwa na jasho. Lianike kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi na kukunja foamu. Ngozi bandia ihifadhiwe imetundikwa, bila mikunjo. Ikikaa kwenye unyevu huanza kubanduka. Wigi liwe ndani ya wavu, na juu ya kila boksi andika kilichomo, pamoja na kipande gani kinadai gundi kabla ya kuvaliwa tena.