Sweeney Todd ya 1979 na ile ya 2005: okestra ikiondoka kinabaki nini?

Kazi yangu ni kupanga muziki, yaani nani apige nini na aingie wapi, na hapa Tabora watu wa kwaya na vikundi vya maigizo wananiuliza sana kama mchezo mkubwa ukirudishwa jukwaani na watu wachache unakuwa bado ni mchezo ule ule. Jibu langu hapana, na mfano ninaoupenda ni Sweeney Todd, mchezo wa jukwaani wa kuimba.

Kwa wasioijua: Todd, kinyozi wa London, anafungwa na kupelekwa mbali kwa hila za hakimu aliyemtamani mkewe, baada ya miaka 15 anarudi, anaanza kuwachinja wateja kwa wembe, na chini yake kuna mama muuza mapai, Mrs. Lovett, biashara yake mbovu, nyama ghali... nadhani mshaelewa. Muziki na mashairi ni ya Stephen Sondheim.

Ya kwanza ilifunguliwa Machi 1979 New York, ukumbi wa Uris, jumba kubwa kwelikweli. Dairekta Hal Prince aliona humo hadithi ya viwanda vinavyosaga watu, kwa hiyo mbunifu wa jukwaa, Eugene Lee, akaleta mabaki ya karakana halisi ya kuyeyushia chuma kutoka Rhode Island wakayasimamisha jukwaani, na kila damu ikimwagika inalia filimbi ya kiwanda ya kukutoa roho. Sondheim mwenyewe alikuwa ameuwaza mchezo mdogo tu, wa kutisha watu kwa karibu. Okestra ilipangwa na Jonathan Tunick, na ukiisikiliza vizuri utaona yeye ndiye anayekuambia ukweli ambao wahusika hawausemi, Todd anaimba kwa upole huku chini yake vyombo vizito vinachemka. Len Cariou na Angela Lansbury waliongoza, wakazoa tuzo 8 za Tony, zile kubwa za maigizo ya Broadway (kumbi kubwa za New York), maonyesho 557. Aliyeikosa atafute ile rekodi ya televisheni iliyochukuliwa Los Angeles 1980, Lansbury yumo.

Sasa 2005. Dairekta John Doyle alianzia Uingereza kwenye ukumbi mdogo sana wa Watermill, na mtindo wake ulitokana na ukata, hela ya kulipa waigizaji na okestra kwa pamoja haikuwepo basi waigizaji wenyewe wakapiga. Ulipofika Broadway walikuwa watu kumi tu jukwaani, hakuna kondakta, hakuna karatasi za nota, kila kitu kichwani. Sarah Travis ndiye aliyeupanga upya muziki, na 2006 yeye na Doyle wote wakapata Tony.

Hapa ndo utamu ulipo bwana. Ukimpa mwigizaji chombo unaamua pia ni lini ataweza kuongea. Hakimu alipewa tarumbeta, na tarumbeta ikiwa mdomoni huwezi kuimba, kwa hiyo kila sehemu yake lazima ikatwe ipishane na maneno yake. Chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde, mdomo unabaki huru, ndiyo maana wale wapenzi wawili, Johanna na Anthony, wote wana chelo na wanaweza kupiga huku wanaimba, ila sasa chombo kiko katikati ya magoti, kukumbatiana hakuna, na hiyo inafaa kabisa maana wapenzi wale hawaachiwi nafasi ya kukutana. Patti LuPone akiwa Mrs. Lovett anapuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito! Michael Cerveris, kinyozi, gitaa. Na bila kondakta mnaingiaje pamoja? Mnasikilizana pumzi, mnatazamana upinde, ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Kiwanda hakipo tena. Hadithi yote inaonekana iko kichwani mwa Tobias, yule kijana msaidizi, amefungwa hospitali ya wendawazimu, katikati kuna jeneza, na mtu akiuawa damu inamiminwa tu kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Mimi ile sauti ya kumiminika inanitisha kuliko filimbi ya Prince.

Lakini tusidanganyane, kuna kilichopotea. Ule umati wa wanakwaya waliokuwa mji mzima wa London umekwenda, na hasira ya maskini kwa matajiri imepungua. Halafu kama hujui hadithi, 2005 utapotea njia mapema, nani kafa nani yupo hujui, maana aliyekufa anavaa koti jeupe lenye damu kisha anaendelea kupiga chombo chake. Ni kama bendi ikirudia wimbo wa Tabora Jazz kwa gitaa moja, mzee anayeujua anasikia mpaka tarumbeta ambazo hazipo, kijana anabaki anashangaa. Kwa anayeanza namwambia aanze na 1979. Mwaka 2023 Broadway waliirudisha na okestra ya watu 26 na mpangilio wa Tunick, na watu walijaa, kwa hiyo sauti kubwa bado ina wenyewe.

Kwa kikundi cha hapa ningefuata njia ya Doyle, ila chelo sina. Hakimu abaki na tarumbeta yake, wapenzi wapewe magitaa, Mrs. Lovett nampa kodiani kwa sababu inapumua kama mtu anayepiga umbea, na kinyozi simpi chombo chochote, akae na wembe wake tu mpaka tufike nusu ya pili.