Siri ya mgonjwa, mgonjwa akiwa kijana

Siri ya mgonjwa ni amana: analolisikia, analoliona na analoliandika mhudumu wa afya halitoki bila ya ridhaa ya mwenyewe. Imo katika kiapo cha Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale. Visiwani kwetu nako inajulikana kwa jina jengine. Mwari alikuwa na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, akimwambia asiyoweza kumwambia mama. Somo mropokaji, nani angemkabidhi mwanawe?

Mambo huwa mazito pale msichana wa skuli anapokwenda kituoni kuulizia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango. Mzazi ana jukumu la kulea, na dini imekwishasema juu ya zinaa. Sidharau uchungu wa mzazi huyo. Mama mmoja wa Uingereza, Victoria Gillick, aliufikisha mahakamani, akitaka asiyetimiza miaka 16 asipewe huduma hiyo bila ya mzazi kujua. Mwaka 1985 majaji wa juu walimkatalia, watatu dhidi ya wawili: anayelielewa vyema analoelezwa anaweza kuridhia mwenyewe, ila daktari ajaribu kwanza kumshawishi amwambie mzazi. Hukumu hiyo si sheria ya Zanzibar. Lakini swali lake, "mtoto huyu anaelewa?", naliona bora kuliko kuhesabu miaka peke yake.

Kwetu siri huvuja hata bila ya mtu kukusudia. Pemba nesi ni jirani, pengine shangazi. Anasema kwa bashasha mbele ya foleni, "Kumbe na wewe upo? Mama hajambo?" Daftari liko wazi mezani, mlango haufungiki. Msichana anajibu kuwa kichwa kinamuuma, anapewa panadoli, anarudi nyumbani na lile lililomleta.

Siri hii ina mpaka. Haimlindi mtu mzima anayemdhulumu mtoto. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18 na inatanguliza maslahi yake. Binti wa miaka 13 akieleza kuwa analazimishwa, mhudumu hawezi kunyamaza. Hapo namtaka amwambie yeye kwanza, kabla ya mwengine yeyote: "Mwanangu, hili siwezi kuliweka baina yetu. Nitakwambia nani nitamwambia, na kwa nini."